SOMO: Alfresco na SharePoint hazisinki? Pitia hapa kabla hujafuta kitu

Naandika hii mara moja ili mtu akinifuata inbox na "mkuu mafaili hayafiki upande wa pili" nimtumie linki nikaendelee na kazi. Naongelea ofisi ambayo masijala inaskani na kuingiza hati Alfresco (mfumo wa kutunza hati), kuna programu ya katikati inazipeleka SharePoint Online (maktaba ya mafaili ya Microsoft mtandaoni), watu wanazifanyia kazi kule, na mabadiliko yanarudi. Yaani njia mbili.

1. Chukua faili MOJA lililogoma. "Mengi hayajaenda" siyo taarifa.

2. Litafute kwenye logi ya programu ya katikati. Ukikuta kosa namba 401, mara nyingi siri (nywila) ya programu uliyosajili Entra, mfumo wa utambulisho wa Microsoft, imeisha muda. 403 ni ruhusa. 429 umeambiwa punguza kasi, na jibu lenyewe linakuja na Retry-After inayokwambia usubiri sekunde ngapi, sasa wewe ukiongeza kasi ndo unazidi kufungiwa.

3. Angalia jina na urefu wa njia. SharePoint inakubali herufi 400 kwa njia nzima, folda zote pamoja na jina la faili. Folda ndani ya folda ndani ya folda, zinaisha haraka.

4. Saa. Huku kwetu ni UTC+3, yaani saa 3 mbele ya saa ya kimataifa (UTC). Alfresco na SharePoint zinatunza UTC, halafu developa wa hapa anasoma saa ya seva yake bila kubadilisha, basi hati iliyorekebishwa SharePoint inaonekana ya zamani kwa saa 3 na inafunikwa na ile ya Alfresco. Mtu anakwambia kazi yake ya asubuhi imepotea, na kweli imepotea. UTC kila mahali, kubadilisha ni wakati wa kumuonyesha mtu tu.

5. Je Alfresco yenyewe imeshaiona? Utafutaji unapita Solr (injini yake ya utafutaji), na Solr iko nyuma ya databesi kidogo. Programu ikiuliza "nipe vilivyobadilika tangu saa fulani" kabla hati haijaingia kwenye indeksi, inaikosa, alama ya saa programu ilipoishia inasogea mbele, na hati hiyo hairudi tena mpaka mtu aiguse. Ama urudishe alama nyuma dakika kadhaa kila duru, ama utumie daftari la mabadiliko la CMIS (kiwango cha programu kuongea na mifumo ya hati): weka audit.enabled=true na audit.cmischangelog.enabled=true kwenye alfresco-global.properties, zima uwashe. Linaanza kuandika kuanzia hapo, ya jana usiyatafute humo.

6. HASHI, yaani alama inayokokotolewa kutoka kwenye baiti za faili. Hapa msome taratibu. Usilinganishe faili la Word, Excel au PowerPoint kwa hashi wala ukubwa kati ya pande hizi mbili. Ukipandisha docx, SharePoint inaweza kuandika taarifa za kolamu (sifa za hati kwenye maktaba) ndani ya faili lenyewe, kwa hiyo kilichoko kule siyo tena baiti zilezile ulizotuma. Programu inaona tofauti, inadhani mtu kahariri, inarudisha Alfresco. Alfresco inaona toleo jipya, inapeleka tena. Hakuna binadamu aliyegusa kitu ila mafaili yanazunguka usiku kucha, na kila mzunguko ni toleo jipya. Maktaba ikiwa imewekwa kutunza matoleo 500 basi nafasi inaliwa, na kibaya zaidi yale matoleo ya ukweli yanasukumwa nje. Onyo: ukiona namba ya toleo inapanda bila mhariri, ZIMA kwanza, chunguza baadaye. Dawa: tunza jedwali lenye namba ya nodi (hati) ya Alfresco na namba ya faili la SharePoint, na baada ya kupandisha soma cTag (alama ya maudhui ambayo SharePoint inalipa faili) uliyopewa uihifadhi. cTag haibadiliki kama maudhui hayajabadilika. Usitumie eTag kwa hili, hiyo hata mtu akibadili kolamu moja inasogea.

7. Delta (ombi la kuuliza SharePoint nini kimebadilika tangu mara ya mwisho) ikirudisha 410, tokeni (alama ya ulipoishia) imekufa. Unaorodhesha upya kila kitu. KUORODHESHA, siyo kupandisha upya.

MASWALI

kijana_seva: Mkuu mbona kwangu inagoma tu, msaada tafadhali
Mwandishi: Hatua ya 1.

tarishi77: Si rahisi kulinganisha ukubwa wa faili tu, hashi ya nini
Mwandishi: Nimeandika "wala ukubwa". Ipo pale, sentensi ya pili.

bosi_mdogo: Mi nilifuta maktaba yote SharePoint ili ianze upya, sasa naona na Alfresco mafaili yanapungua, ni kawaida?
Mwandishi: Zima hiyo programu SASA HIVI, swali baadaye. Kufuta nako ni badiliko, linasafiri kama mengine. SharePoint kapu la taka linatunza siku 93, na Alfresco nayo ina kapu lake, omba tu asiwepo aliyelimwaga.
bosi_mdogo: Nimezima. Yapo kwenye kapu.
Mwandishi: Rudisha Alfresco kwanza. Na usiwashe kabla jedwali la namba halijakaguliwa, maana ukirejesha vibaya utapata nakala mbilimbili.

dada_kodi: Kwa nini PDF hazina shida hii ila docx inabadilika?
Mwandishi: Swali zuri dada. Docx kwa ndani ni zipu yenye mafaili ya XML, na SharePoint inajua kuisoma, kwa hiyo inaweka thamani za kolamu humo ili Word nayo izione. Jaribu mwenyewe: pandisha docx, ishushe, badili mwisho wa jina uwe .zip, ufungue folda ya customXml na docProps. Linganisha na ya mwanzo utaona vilivyoongezeka.
dada_kodi: Nimeona!! Asante sana kaka

mama_masijala: Samahani nauliza kitu cha pembeni. Hati naiona mimi tu SharePoint, wenzangu hawaioni.
Mwandishi: Shikamoo mama. Maktaba yenu itakuwa ina kolamu ya lazima na inadai kuchukua faili (check out) kabla ya kuhariri. Lisipojazwa linabaki limechukuliwa kwa jina lako. Jaza kolamu, lirudishe (check in), watalipata.
mama_masijala: Marahaba. Ni kumbukumbu namba ndiyo inakataa, yetu ina mikwaju (/).
Mwandishi: Kwenye jina la faili mkwaju haukubaliki, weka kistari. Namba halisi na mikwaju yake iandike kwenye kolamu ya maandishi, huko haina shida. Na mwambie fundi aiwekee indeksi hiyo kolamu mapema, maktaba ikivuka vitu 5,000 kuchuja kwa kolamu isiyo na indeksi kunakataa.