Somo: Kupiga picha ndege za pangaboi bila kuyagandisha mapanga

Mpe mtu kamera mpya akapige ndege inayopita, na jambo la kwanza atakalofanya ni kupandisha kasi ya shata, lile pazia la kamera linalofunguka na kufunga kuingiza mwanga, hadi juu kabisa. Kwa jeti hakuna ubaya. Kwa ndege ya pangaboi, yaani inayovutwa na mapanga yanayozunguka, picha itatoka shapu kila mahali, hadi herufi za usajili zinasomeka, lakini mapanga yamesimama kana kwamba injini imezimika angani. Anayeitazama anabaki kujiuliza kama rubani alipona.

Kwa hiyo shikeni hili kwanza: kwenye pangaboi, kasi ya shata haipangwi na mwendo wa ndege, inapangwa na mzunguko wa mapanga. Mwendo wa ndege utaufuata kwa mwili wako.

Hatua ya 1: Modi

Zungusha kitufe cha modi hadi Tv kama ni Canon, au S kama ni Nikon au Sony. Hapo wewe unachagua kasi ya shata, kamera inajitafutia tundu la lenzi. ISO, yaani wepesi wa kamera kupokea mwanga, weka 100 mchana wa jua. Modi ya M, ambapo kila kitu unapanga mwenyewe, iacheni kwanza, ndege haisubiri mtu ageuze vitufe vitatu.

Hatua ya 2: Hesabu ya mapanga

Chukua mizunguko ya pangaboi kwa dakika, zidisha kwa idadi ya mapanga, gawanya kwa 60. Ukipata 80, basi 1/80 ya sekunde ndiyo kasi ya shata inayokupa duara kamili, maana kila panga linafika pale alipoanzia jirani yake kabla shata haijafunga.

Cessna 172 ya mapanga mawili, ikiwa angani kwenye mizunguko kama 2,400, inakupa hiyo 80. Cessna Caravan yenye mapanga matatu haizidi mizunguko 1,900: inatoka 95, weka 1/100. Dash 8 Q400, ndege ya abiria ya injini mbili, ndiyo inayowashangaza wengi. Kwa ukubwa wake mtu anadhani mapanga yanazunguka kwa fujo, kumbe wakati wa kuruka ni mizunguko 1,020 tu. Lakini mapanga ni sita kwa kila injini, kwa hiyo nayo inaangukia 1/100.

Duara kamili si lazima. Ukienda 1/160 kwa 172, au 1/200 kwa hizo mbili, ukungu wa mapanga unafunika kama nusu ya duara, na jicho linaridhika kwamba injini inafanya kazi. Mimi naishia hapo mara nyingi, kwa sababu picha zinazotoka shapu ni nyingi zaidi.

Kuna mtego mmoja. Ndege ndogo ikitambaa ardhini kwenda kuruka, pangaboi lake huenda linazunguka mara 1,000 tu kwa dakika. Ukitumia namba ya angani, mapanga yanakaribia kuganda. Shuka hadi 1/60. Ikija kutua, rubani amepunguza moto, kwa hiyo shuka kidogo vilevile.

Hatua ya 3: Fokasi

Weka fokasi endelevu: AI Servo kwa Canon za zamani, Servo kwa mpya, AF-C kwa Nikon na Sony. Upigaji uwe wa mfululizo. Tumia kundi dogo la pointi za katikati na uling'ang'anize kwenye dirisha la rubani, si kwenye pangaboi lenyewe. Lile linaichanganya fokasi.

Hatua ya 4: Mwili

Hapa ndipo picha inapopatikana au kupotea. Kwa lenzi ya milimita 300, kanuni ya zamani inataka angalau 1/300 ukishika kwa mkono. Sisi tunataka 1/125. Pengo hilo linazibwa na mwili.

Elekeza nyayo pale utakapoipiga ndege ikiwa karibu zaidi, si pale inapotokea. Kisha pinda kiuno kuielekea inapotoka. Viwiko vibane mbavuni, kamera igandamizwe usoni, jicho kwenye tundu la kuchungulia na si kwenye skrini. Ipokee mapema, ifuate bila kupiga, kiuno kikianza kunyooka. Dirisha la rubani likitulia sehemu moja ya fremu, bonyeza taratibu, na usiache kufuata hata baada ya kuachia kitufe. Wengi wanaharibu hapo: wakibonyeza tu, mwili unasimama.

Anza na 1/320. Ukiona nyingi ziko shapu, teremka 1/250, halafu 1/200, hadi 1/125. Chini ya hapo utafuta picha nyingi kuliko utakazobakiza, hata wazoefu wanafuta.

Hatua ya 5: Mwanga

Anga jeupe la mawingu linaidanganya kamera, na tumbo la ndege linatoka jeusi. Ongeza mwanga kwa +0.7 au +1. Ndege nyeupe mbele ya msitu au mlima wenye kivuli, fanya kinyume. Piga RAW, yaani faili ghafi isiyobanwa na kamera, kama kadi ina nafasi.

MASWALI

Mkuu, mimi natumia simu. Mapanga yanatoka yamepinda kama ndizi. Simu ni mbovu?

Simu ni nzima. Sensa yake inasoma picha mstari kwa mstari, na wakati inafika mstari wa mwisho panga limeshahama. Kwenye modi ya Pro, shusha kasi ya shata hadi ukungu ufiche kupinda. Wenye kamera zisizo na kioo nao waangalie: shata ya kielektroniki inaleta ugonjwa huohuo, chagueni ya mekanika.

Saa sita mchana nikiweka 1/60, namba ya tundu inawakawaka na picha inakuwa nyeupe. Nifanyeje?

Kuwakawaka ni kamera kukwambia tundu limefika mwisho wa kujibana. Jua kali kwa ISO 100 na 1/125 linataka tundu la f/16 hivi (namba ikikua, tundu linabana). Kwa 1/60 ni f/22, na si kila lenzi inafika huko. Hata ikifika, picha inalegea na kila punje ya vumbi kwenye sensa inaonekana angani. Funga filta ya ND8, kioo cheusi cha kupunguza mwanga mbele ya lenzi: pale palipohitaji f/16 utatumia f/5.6. Bila filta, nenda asubuhi au jioni, mwanga wenyewe ni mzuri zaidi na mvuke wa joto juu ya lami ni mdogo.

Kidhibiti mtikisiko kwenye lenzi niwashe au nizime?

Washa. Canon nyingi zina Mode 2, ambayo inaacha mwendo wa pembeni na kutuliza wa juu na chini tu. Nikon iwe Normal. Tripodi iacheni, inabana kiuno.

Nimefuata kila kitu, 1/125, ndege iko shapu, lakini pangaboi silioni kabisa!

Nadhani uliipiga ubavu kamili. Kutoka ubavuni duara la pangaboi linaonekana kama mstari mwembamba tu. Sogea mahali ambapo ndege inakuja kwa mshazari, pua imekugeukia kidogo.

Na helikopta je?

Hesabu ni ileile, ila jiandaeni. Robinson R44 ina mapanga mawili na rota kuu inazunguka kama mara 400 kwa dakika: inatoka 13. Duara kamili kwa 1/13 ukishika kwa mkono sikushauri. 1/60 inatosha kuonyesha kwamba mapanga yanazunguka, na ikiwa inaelea sehemu moja, 1/30 inawezekana kwa mwenye mkono mtulivu.