Jinsi ya kuandika malengo na viashiria vinavyopimika vya afya ya mama na mtoto

Wiki iliyopita nilikaa jioni mbili na muuguzi mkunga wa zahanati moja ya vijijini huku Mbeya. Alitakiwa kuandika sehemu ya zahanati yake kwenye mpango wa mwaka, na alikuwa na lengo moja tu: "Kuboresha afya ya mama na mtoto."

"Kaka, wamenirudishia mara mbili," akaniambia. "Wanasema halipimiki. Ninachotaka nakijua, kukiandika ndiyo kazi."

Nikamwuliza anataka nini. Hakusita: "Nataka waache kuja na mimba ya miezi sita ndiyo hudhurio lao la kwanza."

Lengo lilikuwa limeshapatikana. Nawaandikia hatua tulizopita, kwa sababu najua yeye si wa kwanza kurudishiwa karatasi.

Hatua ya 1: Litaje tatizo kama unavyolitaja wodini

Andika sentensi moja, kwa maneno yako mwenyewe. Usianze na jedwali la mfadhili. Jedwali lijazwe mwisho.

Hatua ya 2: Chagua kitu ambacho kazi yako inaweza kukisogeza

Wengi hukimbilia "kupunguza vifo vya wajawazito". Nia ni njema, na kitaifa kipimo hicho kina maana: utafiti wa mwaka 2015–16 ulikadiria vifo 556 kwa kila vizazi hai 100,000, na ule wa 2022 ukakadiria 104. Lakini shuka kwenye halmashauri yenye vizazi hai 4,000 kwa mwaka. Hapo kifo kimoja peke yake kinapandisha au kushusha kiwango kwa 25. Mwaka huu wakifariki akina mama watatu na mwakani watano, utaonekana umeshindwa vibaya, kumbe pengine hakuna kilichobadilika katika huduma. Kila kifo kijadiliwe kikaoni, kwa jina na kwa saa, hadi ijulikane mama alichelewa wapi. Kiashiria chako, yaani kile utakachohesabu kuonyesha lengo linafikiwa, kiwe kitu kinachotokea mara nyingi kiasi cha kuhesabika.

Udumavu nao ni vilevile. Mkoa wa Iringa, pamoja na mahindi na viazi vyote vile, ulikutwa mwaka 2022 na zaidi ya nusu ya watoto wa chini ya miaka mitano wakiwa wamedumaa, wakati kitaifa ni 30 katika kila 100. Inauma, na lazima tuishughulikie. Ila mradi wa miaka miwili ukiahidi kushusha udumavu wenyewe unajifunga kamba. Pima watoto wa miezi 6 hadi 23 wanaolishwa vyakula mchanganyiko, au wajawazito wanaopewa vidonge vya kuongeza damu kila hudhurio.

Kwa upande wa mama, mimi hupendelea vitu vinne: hudhurio la kwanza kabla ya wiki 12, mahudhurio manne au zaidi, kujifungulia kituoni, na mama kuchunguzwa ndani ya saa 48 baada ya kujifungua. Vyote vinapatikana kwenye rejista za MTUHA, mfumo wa taarifa za huduma za afya ambao kituo hujaza tayari. Kiashiria kinachohitaji fomu mpya kitakufa mwezi wa tatu.

Hatua ya 3: Tafuta asili yako, na usiiamini haraka

Hapa ndipo nilipopoteza siku tatu, kwa hiyo nivumilieni.

Kila asilimia ina namba ya juu, yaani kiasi, na namba ya chini unayogawanyia, yaani asili. Ofisini wanaiita dinomineta. Kiasi wote tunakipata. Asili ndiyo inayotuumbua.

Miaka kadhaa nyuma niliandaa taarifa ya kata moja iliyo kando ya barabara kuu ya kwenda Tunduma. Makadirio yalikuwa watu 12,000, na kwa kuchukua asilimia 4 nikapata wajawazito 480 wanaotarajiwa kwa mwaka. Rejista ya wodi ya wazazi ilikuwa na waliojifungua 566. Nikaandika asilimia 118 na kuipeleka. Mfadhili akaniuliza mbele ya kikao: "Katika kila mia, hawa kumi na wanane wa ziada wametoka wapi?" Sikuwa na jibu.

Nikarudi kituoni, nikafungua rejista ukurasa kwa ukurasa na penseli mkononi, nikiweka alama kwenye safu ya kijiji. Jibu lilikuwepo muda wote, limeandikwa kwa mwandiko wa wakunga wa zamu: kata jirani, kata jirani, kijiji cha upande wa Songwe, kata jirani tena. Akina mama 171 hawakuwa wa kata yetu. Walifuata kituo kwa sababu daladala inapita mlangoni. Waliobaki ni 395, yaani asilimia 82. Taarifa mbili tofauti kabisa, kutoka rejista moja.

Tangu hapo nafanya hivi. Kwanza, naangalia makadirio ya watu yametoka wapi: yawe ya Sensa ya 2022, maana nimekuta kata bado zinatumia ya 2012. Pili, natenganisha wakazi na wageni kabla ya kugawanya chochote, ingawa huduma tunawapa wote sawa. Tatu, nakumbuka upande wa pili wa shilingi: wapo wa kwetu wanaojifungulia kwingine. Binti wa mimba ya kwanza hurudi kwa mama yake; mwenye kovu la upasuaji hupewa rufaa. Hao rejista yako haiwaoni. Njia safi niliyoipata ni kumwuliza mama anapomleta mtoto kwa chanjo za wiki ya sita: "Huyu alizaliwa wapi?" Jibu liandikwe papo hapo.

Na kuna mtego mwingine kwenye mahudhurio manne. Usichukue waliofikisha hudhurio la nne robo hii ukawagawanya kwa walioanza kliniki robo hii. Si watu walewale. Aliyeanza Januari anafikisha la nne Juni au Julai. Chukua walioanza mwezi mmoja, uwafuatilie kwa majina hadi wajifungue.

Kwa dada yetu mkunga tuliepuka makadirio kabisa. Asili yake ni wajawazito wote waliofanya hudhurio la kwanza zahanatini kwake, na kiasi ni wale waliokuwa chini ya wiki 12. Wasiokuja kliniki kabisa hawamo, na tumelisema hilo wazi kwenye mpango.

Hatua ya 4: Takwimu za msingi

Hizi ni namba za hali ilivyo kabla hujaanza. Chukua miezi 12 kamili, Julai hadi Juni. Robo moja inadanganya: wakati wa mvua na palizi kliniki hupwaya.

Tumieni kauntabuku na penseli, mistari minne na wa tano ukikata. Eksel ije baadaye. Anayehesabu kwa mkono hukutana na makosa uso kwa uso. Sisi tulikuta umri wa mimba "wiki 20" umejirudia mara nyingi mno, kwa sababu mama akisema hakumbuki hedhi ya mwisho mhudumu anakadiria. Mkunga akaniambia yeye huuliza, "Mara ya mwisho ilikuwa kabla ya kuvuna viazi au baada?" na wengi hukumbuka.

Hatua ya 5: Andika sentensi

Hesabu ya miezi 12 ikatupa wanawake 186 wa hudhurio la kwanza, na 41 kati yao chini ya wiki 12. Ni asilimia 22; kitaifa mwaka 2022 ilikuwa 34. Akaandika: "Ifikapo Juni mwakani, wajawazito wanaofanya hudhurio la kwanza kabla ya wiki 12 katika zahanati yetu waongezeke kutoka 22 hadi 35 katika kila 100, kwa mujibu wa rejista ya wajawazito." Nilimwuliza kwa nini 35 na si 60. Ana wahudumu wawili wa afya ngazi ya jamii kwa vijiji vinne, na kijiji kimoja kiko ng'ambo ya mto. Shabaha ilingane na miguu iliyopo.

Hatua ya 6: Nani anahesabu, lini

Jina moja, tarehe moja. Yeye alichagua tarehe 3 ya kila mwezi, kabla ya kufunga muhtasari wa mwezi. Kisha akafungua jalada la rejista na kuandika ndani, kwa wino mwekundu, kwa ajili ya mwenzake wa zamu: "Asipokumbuka tarehe, uliza viazi."