Kabla ya kununua RAM: mambo ya kuzingatia kompyuta inapotoa onyo la kumbukumbu

Onyo la kumbukumbu kwenye Windows mara nyingi huja na kitufe cha kufunga programu, na watu wengi hukibonyeza papo hapo. Mashine inapata nafuu, lakini chanzo kinabaki gizani: programu iliyokuwa inakula kumbukumbu ikishafungwa, namba zote zinarudi kuwa za kawaida na hakuna tena cha kuchunguza. Anza kwa kuhifadhi kazi iliyo wazi kwa Ctrl+S. Kisha bonyeza Ctrl+Shift+Esc kufungua Task Manager, nenda sehemu ya Performance, chagua Memory, na upige picha ya skrini kwa simu. Tumia simu kwa sababu kompyuta iliyoishiwa kumbukumbu inaweza kushindwa hata kuhifadhi picha yake yenyewe.

Hakikisha pia onyo lenyewe linahusu nini. Ujumbe unaosema nafasi ya diski imekwisha ni tatizo jingine: huko unafuta au kuhamisha mafaili. RAM ni mahali programu zinapofanyia kazi wakati zimewashwa, na kufuta picha na video hakuiongezi hata kidogo. Lakini mambo haya mawili yana mahali yanapokutana, na hapo ndipo wengi hupoteza pesa zao.

Windows haisubiri RAM ijae ndipo itoe onyo. Programu inapoomba kumbukumbu, Windows huiahidi nafasi hata kabla haijaitumia, na kwa Windows ahadi ni deni kweli kweli: jumla ya ahadi zote haiwezi kuzidi RAM ukijumlisha na faili la pagefile.sys, ambalo ni akiba ya kumbukumbu iliyowekwa kwenye diski. Katika ile picha uliyopiga, tafuta neno Committed. Utaona namba mbili zenye mkwaju katikati. Tuseme kompyuta ina RAM ya GB 8, inayotumika ni GB 5.9, na Committed inasomeka 15.1/15.6. Anayetazama RAM peke yake atasema bado kuna nafasi. Anayesoma namba hizi mbili anaona kwamba imebaki nusu gigabaiti tu kabla ya Windows kuanza kukataa maombi, na programu ikikataliwa huganda au hujifunga bila kuhifadhi kitu.

Namba ya pili ndiyo kikomo. Kama imelingana karibu kabisa na RAM yako, huenda mtu alizima faili la pagefile.sys au aliliwekea ukubwa mdogo usiobadilika. Ushauri wa kulizima ili kutunza SSD (diski ya kisasa isiyo na sehemu zinazozunguka) umesambaa sana, na tunasema wazi kwamba kwa kompyuta ya nyumbani ni ushauri mbaya. Kulirudisha, bonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, andika sysdm.cpl, ingia Advanced, kisha Settings chini ya Performance, kisha Advanced tena, na ubonyeze Change. Weka tiki kwenye kisanduku cha juu kinachoiruhusu Windows kupanga ukubwa yenyewe, kisha uanzishe kompyuta upya.

Hapo sasa ndipo diski inapoingia. Windows ikiachiwa ipange yenyewe, faili hilo linaweza kukua hadi mara tatu ya RAM, au GB 4 ikiwa hiyo ndiyo kubwa zaidi, ila kwa kawaida halivuki moja ya nane ya ukubwa wa diski. SSD inayouzwa kama GB 128 Windows huiona kama GB 119, kwa hiyo kikomo cha faili ni chini kidogo ya GB 15. Na diski ikiwa imejaa hadi ukingoni, hata hizo hazipatikani. Kabla ya kuwaza RAM mpya, acha angalau GB 20 wazi kwenye diski C na ufanye kazi zako za kawaida kwa siku moja. Zipo kompyuta ambazo onyo huishia hapo.

Ikiwa kikomo kiko sawa na bado kinajaa, tafuta anayekijaza. Ndani ya Task Manager fungua sehemu ya Details, bofya kitufe cha kulia cha kipanya juu ya vichwa vya safu, na uongeze safu ya Commit size. Panga kuanzia namba kubwa, andika tano za juu, na urudie baada ya nusu saa, mara tatu, huku ukifanya kazi ile ile. Programu inayopanda na kushuka inafanya kazi. Programu inayopanda tu bila kushuka inavuja, yaani inachukua kumbukumbu bila kuirudisha, na dawa yake ni kuisasisha au kuiondoa; RAM zaidi itachelewesha onyo kwa saa chache tu. Kivinjari kikiwa ndicho kinachoongoza, usikihukumu chote. Chrome na Edge kwenye Windows zina orodha yao ya ndani inayofunguka kwa Shift+Esc, nayo huonyesha kila kichupo na kila kiendelezi (programu ndogo iliyoongezwa kwenye kivinjari) kinachukua kiasi gani. Mara nyingi mwenye kosa ni kiendelezi kimoja kilichosahaulika.

Kama ulishabonyeza kufunga kabla ya kupiga picha, bado kuna njia. Fungua Event Viewer, yaani daftari la matukio ya Windows, ingia Windows Logs, kisha System, na utafute tukio namba 2004 kutoka Resource-Exhaustion-Detector. Ndani yake zimetajwa programu zilizoshikilia kumbukumbu nyingi zaidi wakati wa onyo, kwa baiti. Gawanya kwa bilioni moja upate gigabaiti za kukadiria.

Kuna hali inayochanganya zaidi: unajumlisha programu zote na hesabu haifiki hata nusu ya Committed. Rudi kwenye Memory utazame Non-paged pool, yaani kumbukumbu inayoshikiliwa na Windows yenyewe na draiva zake. Kwa kawaida ni mamia ya megabaiti. Ikifika gigabaiti kadhaa, mshukiwa ni draiva (programu inayounganisha Windows na kifaa au huduma fulani), mara nyingi ya mtandao au ya kinga dhidi ya virusi. Hapa kuzima na kuwasha kunaweza kusisaidie chochote, kwa sababu Windows yenye Fast Startup huhifadhi kiini chake kwenye diski inapozimwa na kukirudisha vile vile inapowashwa, pamoja na uvujaji wake. Chagua Restart, si Shut down. Tofauti hiyo ndogo inawapotezea watu siku nzima.

Kwenye Mac, fungua Activity Monitor na utazame grafu ya Memory Pressure badala ya kiasi cha RAM kilichotumika: kijani ni salama, nyekundu ni dhiki. Mac zenye chipu za Apple haziongezwi RAM baada ya kununuliwa, hivyo kazi yote ni kupunguza mzigo na kuacha nafasi kwenye diski. Kwenye Linux, amri ya free -h inatosha. Soma safu ya available, si free.

Ukishajiridhisha kwamba RAM yenyewe ni ndogo, tazama kwanza kama mashine inaweza kuitumia. Fungua Settings, System, About. Ukiona 32-bit, yaani toleo la Windows la mfumo wa zamani, Windows ya nyumbani haitavuka GB 4 hata ukiweka 16. Kisha rudi kwenye Memory usome Slots used na Form factor. Ukikuta Row of chips, RAM imechomelewa kwenye ubao, na huenda hakuna tundu la kuongeza kabisa.

Usinunue kwa kukisia. Zima mashine kwa utaratibu wa usalama ulioelezwa hapa chini, chomoa kijiti cha RAM kilichomo na usome kibandiko chake. Maandishi kama 4GB 1Rx8 PC3L-12800S yanasema yote: GB 4, aina ya DDR3L inayotumia volti 1.35, na herufi S inaonyesha ni ya laptopu. Gawanya 12800 kwa 8 upate kasi, yaani 1600. PC4 ni DDR4, ya volti 1.2, PC5 ni DDR5, ya volti 1.1. Aina hizi haziingiliani, na mkato ulio kwenye ukingo wa chini umewekwa mahali tofauti makusudi. Kijiti kikikataa kukaa, usikilazimishe. Angalia aina tena.

Kabla ya kufungua kifuniko, nakili mafaili muhimu kwenye diski ya nje. Lakini kama mashine imekuwa ikizimika ghafla au mafaili yanaharibika, usifunike nakala ya zamani kwa nakala mpya. Weka zote mbili, maana RAM mbovu huweza kuharibu data wakati wa kunakili. Kama diski inalindwa na BitLocker (kinga ya Windows inayofunga data kwa siri), kuwa na ufunguo wa kurejesha nje ya kompyuta hiyo, hasa ukitarajia kugusa BIOS, yaani mipangilio ya ubao inayofunguka kabla ya Windows.

Zima huku umeshikilia Shift ili mashine izimike kikamilifu, chomoa waya wa umeme, shikilia kitufe cha kuwashia kwa sekunde 10, kisha gusa chuma kisicho na rangi ili umeme tuli ukutoke mwilini. Kwenye laptopu, chomoa betri au waya wake kabla ya kitu kingine. Kijiti cha laptopu huingia kwa mshazari kisha hulazwa hadi vishikizo vya pembeni vibane. Cha kompyuta ya mezani husukumwa wima, ncha zote mbili, hadi usikie mlio. Mbao nyingi zenye matundu manne hutaka vijiti viwili vikae tundu la pili na la nne kuanzia upande wa prosesa; kitabu cha ubao ndicho chenye neno la mwisho.

Mashine ya DDR5 inaweza kukaa na skrini nyeusi kwa dakika kadhaa inapowashwa mara ya kwanza, kwa kuwa inajipima na kumbukumbu mpya. Usiizime. Ikishafunguka, endesha mdsched.exe kupima vijiti, kisha fanya kazi zile zile na upige picha ile ile ya Memory. Linganisha na ya kwanza. Kama Committed imepanda tena hadi kufikia kikomo kipya, huenda kuna programu inayovuja; ikithibitika, RAM hiyo irudishe ungali ndani ya muda wa kurejesha bidhaa.