SOMO: Kuizunguka Mwanza kwa siku moja ukiwa na muongozaji (soma lote kabla ya kuuliza)

Kila likizo ikikaribia, swali ni lile lile: "Nina siku moja tu Mwanza, nianzie wapi?" Nimelijibu kwa simu, kwa ujumbe, hata msibani. Naliandika hapa mara moja, na kuanzia leo atakayeniuliza nitamtumia somo hili.

Nazungumzia siku moja, asubuhi mpaka jua kuzama, ukiwa na muongozaji mwenye leseni. Mwenye siku tatu aende Ukerewe, na hilo ni somo la peke yake.

Hatua ya 1: Siku. Katikati ya wiki. Wikendi na sikukuu kisiwa cha Saanane, hifadhi iliyo hapa hapa ziwani, hujaa familia na wanafunzi.

Hatua ya 2: Muongozaji. Kampuni iwe na leseni ya biashara ya utalii, ile inayoitwa TALA. Omba uione, hakuna aibu hapo. Kijana anayekudaka stendi na kusema "nakuzungusha mjini" huenda ni mtu mwema kabisa, ila siku ikiharibika huna pa kumshtaki. Kisha andikianeni, hata kwa ujumbe wa simu: gari na mafuta, kiingilio cha Saanane, boti, kiingilio cha makumbusho ya Bujora, ngoma, chakula, saa ya kuanza na saa ya kumaliza. Akikujibu "kila kitu kimo," mwambie akitaje kimoja kimoja.

Hatua ya 3: Malipo ya hifadhi. TANAPA, shirika la hifadhi za taifa, hawapokei fedha taslimu. Unapewa kumbukumbu namba, unalipa kwa simu au benki. Mtanzania abebe kitambulisho cha NIDA, raia wa nchi nyingine za Afrika Mashariki abebe pasipoti, maana viwango vyetu viko chini sana kuliko vya wageni wa mbali na lazima uthibitishe uraia.

Hatua ya 4: Viatu. Soli inayoshika jiwe. Kandambili ziache hotelini.

Hatua ya 5: Ziwa kwanza.

Hapa ndipo siku za watu wengi huharibikia, kwa hiyo nivumilieni nikirefusha. Anza na maji, maliza na nchi kavu. Asubuhi maji ya Ghuba ya Mwanza mara nyingi yametulia. Ardhi ikishashika joto, upepo unaanza kuvuma kutoka ziwani, na kufika alasiri boti ndogo inarushwarushwa. Baadhi ya waongozaji hupenda kuanza Bujora kwa sababu ndiko mbali. Matokeo yake wanawafikisha wageni gatini Capri Point saa tisa, mawimbi yameshaamka, watoto wanatapika, na muda wa kukaa kisiwani umebaki kidogo kwa sababu lazima mrudi kabla ya jioni. Kisiwa chenyewe kiko karibu, hata dakika kumi na tano huenda zisifike, lakini dakika hizo saa mbili asubuhi na dakika hizo saa tisa alasiri ni safari mbili tofauti. Mwambie muongozaji wako tangu siku ya makubaliano: saa mbili tuko gatini. Akibisha, tafuta mwingine.

Ukiamka ukakuta wingu jeusi limelala ziwani na radi zinapiga, subiri. Ziwa hili lina desturi ya kunyesha usiku na alfajiri, na mara nyingi mbingu hufunguka baadaye asubuhi. Kuchelewesha safari kwa muda wa saa mbili hakuharibu kitu. Kulazimisha boti kwenye dhoruba kunaharibu.

Maonyo, na haya sitaki ubishi nayo:

- Jaketi la kuokoa maisha livaliwe kabla boti haijaondoka, kamba zikazwe, na la mtoto liwe la saizi ya mtoto. Jaketi la mtu mzima humchomoka mtoto mara tu anapogusa maji.
- Usikubali kuvushwa na mtumbwi wa mvuvi eti kwa bei nafuu.
- Usitie miguu ziwani, hata kama maji ni meupe na jua ni kali. Kichocho kipo, na minyoo yake inaingia kupitia ngozi bila wewe kuhisi kitu. Mamba nao wapo.

Jiji hili lilizika watu wake baada ya meli ya MV Bukoba kuzama tarehe 21 Mei 1996, ikiwa imekaribia kabisa kufika bandarini. Waliokufa walikuwa mamia. Tarehe 20 Septemba 2018 kivuko cha MV Nyerere kikapinduka karibu na gati la kisiwa cha Ukara, na mamia wengine wakaenda. Kwa hiyo mtu wa Mwanza akikwambia ukaze kamba za jaketi, kaza.

Kisiwani: kilimilikiwa na mzee mkulima na mvuvi aliyeitwa Saanane Chawandi, ndiye mwenye jina. Serikali ikakifanya bustani ya wanyama mwaka 1964, na mwaka 2013 kikawa hifadhi ya taifa, ndogo kuliko zote nchini, kilomita za mraba 2.18 tu ukihesabu na maji yake. Utaona swala pala, pimbi, tumbili, kenge na ndege wengi. Panda juu ya miamba ukiwa na askari wa hifadhi. Kutoka kule unaliona jiji lote limeshika vilima, nyumba zimejibanza katikati ya mawe, na ndipo unaelewa kwa nini tunaitwa Jiji la Miamba. Kaa saa mbili, usikimbizwe.

Hatua ya 6: Chakula. Sato wa kukaanga au wa kuchoma, ugali, mboga. Mchague mwenyewe akiwa mbichi na mpatane bei kabla hajaingia jikoni.

Hatua ya 7: Bujora. Iko Kisesa, njia ya Musoma, kama kilomita 18 hadi 20 kutoka mjini. Makumbusho haya ya Wasukuma yaliasisiwa na Padri David Clement, mmisionari kutoka Kanada aliyefika hapo miaka ya 1950 na kuamua kuwa Msukuma hahitaji kuacha ngoma yake mlangoni ili aingie kanisani. Kanisa lenyewe ni la duara, limejengwa kwa sura ya nyumba ya Kisukuma, na ala za utemi zimo ndani yake. Nje kuna nyumba ya mhunzi, ya mganga, na banda la ngoma za watemi. Msikimbilie picha. Mwombeni mwenyeji wa pale awaeleze habari za Bagika na Bagalu, vyama viwili vya ngoma vinavyoshindana tangu zamani. Vikundi hucheza kwa wakati mmoja, kila kimoja upande wake, na mshindi ni yule aliyewavuta watazamaji wengi kuhamia kwake. Ndiyo maana mchezaji wa Kisukuma hatosheki na kucheza vizuri tu. Atacheza na chatu, atarusha jembe, atafanya lolote ili wewe usiondoke. Ukitaka kuchezewa ngoma, agiza siku kadhaa kabla, na inalipiwa mbali.

Hatua ya 8: Machweo. Rudini mjini kabla ya saa kumi na mbili, mkae ufukweni kuutazama Mwamba wa Bismarck, karibu na kivuko cha Kamanga. Jina ni la yule chansela wa Ujerumani, limebaki tangu enzi za ukoloni. Wageni wa Dar, jua la huku huchelewa kuzama kuliko la kwenu kwa karibu nusu saa, kwa hiyo msiondoke mapema mkidhani limeshaisha.

Maswali yaje hapa chini.

---

Mzalendo_Dom: Mkuu, jumla shilingi ngapi?

Jibu: Inategemea mko wangapi, gari gani, na kama mnataka ngoma. Viwango vya hifadhi viko kwenye tovuti ya TANAPA, na hubadilika, ndiyo maana sikuviandika. Yaliyobaki yako Hatua ya 2.

BabaJunior: Sisi tunafikia Kisesa kwa shemeji. Si bora tuanze Bujora halafu Saanane mchana?

Jibu: Hatua ya 5.

BabaJunior: Nimesoma, ila kutoka Kisesa hadi mjini na kurudi ni usumbufu.

Jibu: Kaka, kama umeisoma basi umeona nilichoandika kuhusu watoto na mawimbi. Amkeni mapema, mje ziwani, mmalizie Bujora, na jioni mtakuwa mmeshafika kwa shemeji. Kwenu ratiba hii ni nyepesi kuliko kwa mtu yeyote. Mtakachokosa ni machweo tu.

Nyakato: Mimi swali langu ni la mawe. Yalipandaje juu ya mengine namna ile? Mwanangu kaniuliza, nikakosa jibu.

Jibu: Dada, asante kwa swali hili, na mpe mtoto salamu zangu. Hakuna aliyeyapandisha. Ni matale, mwamba uliotokana na uji wa moto uliopoa chini sana ardhini, zaidi ya miaka bilioni 2.5 iliyopita. Mwamba ule ulikuwa na nyufa za kusimama na za kulala. Maji yakapenya kwenye nyufa miaka nenda miaka rudi, yakaulainisha mwamba kandokando ukawa mchanga na udongo, na pembe za mawe zikaliwa mpaka yakawa mviringo. Baadaye mvua zikasomba udongo wote, na mawe yakabaki yamekaa palepale yalipokuwa, moja juu ya jingine. Mkifika Saanane mwonyeshe mahali jiwe linapobanduka maganda kama kitunguu, aone kwamba kazi bado inaendelea. Halafu atafute mjusi wa kwenye miamba: dume lina kichwa na kifua chekundu, na mwili wa buluu. Mtoto hatamsahau.

Nyakato: Wabeja sana! Tutakwenda naye.

Msafiri_huru: Mnawatisha watu bure. Mimi nilizunguka kwa bodaboda na daladala bila muongozaji, nikaona kila kitu kwa hela kidogo.

Jibu: Kichwa cha somo kinasema "ukiwa na muongozaji". Sijasema ni lazima. Bismarck na Capri Point unaweza kwenda mwenyewe, na pale Bujora utampata wa kukueleza. Lakini mtu mwenye siku moja tu, asiyeijua njia, akiwa na wazazi au watoto, anachonunua ni muda. Na kuhusu kutisha, yaliyotokea ziwani yametokea. Sitayapunguza.

Otis_Kisumu: Nakuja na basi kutoka Kisumu kupitia Sirari. Naona Kisesa iko njiani kabla ya Mwanza. Nishukie hapo nimalizane na Bujora kwanza?

Jibu: Karibu sana jirani. Umesoma ramani vizuri, ila utashuka na mizigo, umechoka, na bado mpango wa ziwa utakuharibikia. Fika mpaka mjini, lala, anza na maji kesho yake. Pasipoti usiiweke chini ya begi, utaihitaji tena Saanane ili ulipe kiwango cha Afrika Mashariki.

Mama_Tuma: Shikamoo. Nakuja na mama yangu, ana miaka 74 na magoti yanamsumbua. Je, ataweza?

Jibu: Marahaba mama, na bibi mfikishie shikamoo yangu. Ataweza, kwa mpango mwingine kidogo. Mwambie muongozaji mapema kwamba kuna mzee, ili ashikwe mkono wakati wa kuingia na kutoka kwenye boti, hapo ndipo pagumu. Kisiwani asipande miamba, akae kivulini karibu na gati, swala na tumbili watamfuata. Bujora msiende katikati ya jua, nendeni saa tisa. Na bibi akiwa anajua Kisukuma au anapenda hadithi, mwachieni muda na wenyeji wa makumbusho, siku yake itanoga hapo.

Kiduku77: Daraja la JPM mbona hulitaji? Kilomita tatu juu ya maji!

Jibu: Kweli, tangu lifunguliwe tarehe 19 Juni 2025 kila mgeni analiulizia, na linastahili. Tatizo ni njia. Kigongo, linapoanzia daraja, ni kusini kupitia Usagara, Bujora ni mashariki. Kwa siku moja chagua.

Dereva_Usagara: Naomba niongeze, mkuu. Kuna barabara ya mchepuo Usagara–Kisesa. Ukitoka Saanane saa nne, unapita Usagara mpaka darajani, unarudi Usagara na kukata moja kwa moja Kisesa bila kuingia mjini. Inawezekana, ila chakula mle njiani.

Jibu: Asante ndugu yangu, hiyo ni njia nzuri kuliko niliyokuwa nayo kichwani. Atakayefanya hivyo asiagize ngoma siku hiyo, hatakuwa na muda wa kuitazama.

Zai_wa_Moro: Nje ya mada kidogo. Nikitaka dagaa wa kupeleka nyumbani?

Jibu: Mwaloni Kirumba, asubuhi. Uliza walianikwa wapi: wa kwenye chanja ni safi, wa mchangani watakutafunisha mchanga. Chota kiganjani, tikisa, mimina, uone kilichobaki mkononi. Wawe wanang'aa, wakianza kuwa njano waache.

Dereva_Usagara: Na uangalie mwezi. Dagaa huvuliwa kwa taa usiku wa giza. Mbalamwezi ikiwaka wavuvi wengi wanapumzika, dagaa wanaadimika na bei inapanda.

Zai_wa_Moro: Nakuja tarehe 14, mwezi utakuwaje?

Dereva_Usagara: Tarehe 14 ya mwezi gani, dada?