Bastola Kuukuu Ndani ya Kasha la Lamu

Ukifungua kasha la marehemu babu huko Mkomani ukakuta bastola kuukuu ya silinda, ihesabu kuwa ina risasi: kidole kisiguse kifyatulio, na mtutu usielekee mtu wala sakafu ya boriti ambayo chini yake wamelala watu. Nyingi za karne ya 19 ziliundwa kwa baruti nyeusi. Risasi ya kisasa, yenye shinikizo kubwa zaidi, yaweza kuipasua silinda mkononi, na bastola za bei rahisi zaweza kufyatuka hata kwa kudondoka. Kuijaribu ufukweni Shela ni upumbavu. Waite polisi, kwani Sheria ya Silaha, Sura ya 114, hairuhusu kuimiliki bila cheti. Mwenye cheti naye aanze kwa fundi bunduki, ahakikishe kwamba kila tundu la silinda linalingana sawasawa na mtutu.