Dawa ya kifafa imezidisha kifafa? Fanya hivi kabla hamjaongeza dozi

Jamani kwanza MSIACHE DAWA GHAFLA. Nasema mapema maana kuna watu wakishasoma kichwa tu wanamwaga vidonge, na kukata dawa siku moja kunaweza kumletea mtu kifafa cha mfululizo kisichokatika na hicho kinaua.

Haya, kifafa si kimoja. Kuna kinachoanzia sehemu moja ya ubongo, mkono mmoja unacheza wenyewe au mtu anatafunatafuna tu, na kuna kinachoshika ubongo wote kwa pamoja. Kabamazepini, ndo hiyo Tegretol, kwa hicho cha kwanza ni dawa nzuri sana. Lakini mwenye hicho cha pili, kama mtoto anaeduwaa sekunde kumi hivi skuli kisha anaendelea kuandika, au kijana anaeshtuka mikono asubuhi, inaweza ikamzidishia. Dawa za fenitoini na gabapentini hali kadhalika. Lamotrijini inawafaa wengi ila wapo inaowazidishia mishtuko.

Mpwa wangu hapa Wete alianguka mara mbili akapewa kabamazepini, hakuna aliemuuliza asubuhi zake zikoje na sie hatukusema, kwani nani angejua kikombe kumtoka mkononi wakati wa daku ni kifafa? Bibi yake alikuwa akimgombeza ana papara. Alipoanza dawa ikawa hata mswaki unaruka, tukarudi, dozi ikapandishwa, ikawa balaa zaidi.

Kwa hiyo chukua dafutari uandike tarehe, saa, kafanya nini, na siku dawa ilipoanza au ilipoongezwa. Mtazame zaidi akiamka, hasa kama kalala kidogo (Ramadhani ndo yenyewe, mtu analala masaa mawili matatu tu). Anaeduwaa mwite jina, mpungie mkono mbele ya macho, asipojibu andika. Na rikodi video kwa simu, macho na mikono vyote vionekane, dakitari akiona sekunde tano za video anaelewa kuliko maelezo yetu ya nusu saa. Ila usikimbilie kulaumu dawa, angalia kwanza kama hakuruka vidonge au hana homa.

Ukifika mwambie dakitari wazi "hii mishtuko imezidi tangu dawa hii", muulize ni kifafa cha sehemu moja ya ubongo au cha ubongo wote, na kama kipimo cha umeme wa ubongo kinahitajika. Dawa ikibadilishwa inapunguzwa pole pole huku nyengine inapandishwa, anaepanga ni yeye. Kama ni msichana na ikatajwa dawa ya valproeti, uliza habari ya mimba hapohapo maana inadhuru mtoto tumboni, uliza na dawa nyengine, levetirasetamu, kama inamfaa.

Akianguka ikapita dakika 5, au akawa anarudia bila kuzinduka, tafuta gari mwende spitali, dafutari mtaliandika njiani.