Fildi ya kilimo nje ya nchi: unajiandaaje ukiwa Dar (sisi tulienda Gedeo, Ethiopia)

Kila msimu wa fildi ukikaribia wadogo zangu wa chuo wananipigia simu, dada ile safari yenu ya Ethiopia mliifanyaje, na swali la kwanza huwa ni nauli, la pili viza. Nitafika huko, ila naomba nianze na kitu ambacho mimi hakuna aliyeniambia na kiliniumiza nikiwa tayari nimeshafika.

Tulikuwa wanafunzi 14 na walimu wawili, tukaenda mwezi wa 11 kusini mwa Ethiopia, ukanda wa Gedeo. Kama unaijua kahawa ya Yirgacheffe basi ndio kwao hapo. Mwaka 2023 UNESCO waliingiza eneo hilo kwenye Urithi wa Dunia kwa sababu ya namna watu wanavyolima, yaani miti mikubwa imeachwa juu, chini yake enseti (nitaieleza sasa hivi), chini yake tena kahawa, halafu mbogamboga, na watu wamejaa kwenye milima hiyo lakini ukiangalia kwa mbali unaona msitu tu.

Siku ya pili tukapelekwa kwa mama mmoja mtu mzima. Tumemkuta nyuma ya nyumba amekaa chini, mbele yake ubao umeegemezwa kwenye shina, juu ya ubao kalaza ganda refu la enseti, mguu mmoja kauinua kalikanyaga lisiteleze, mikono miwili kashika kipande cha mwanzi anakwangua kwenda chini, maji yanachuruzika na ule unga mweupe wenye nyuzi unadondokea kwenye majani. Enseti ni ndugu wa mgomba, ukiiona kwa mara ya kwanza utaapa ni mgomba, ila haina ndizi ya kula, kinacholiwa ni shina lenyewe na kile kitunguu cha chini ardhini. Wanaukwangua, wanaufukia kwenye shimo lililotandikwa majani yake yenyewe uchachuke wiki kadhaa mpaka miezi, ndio wanapata mkate unaitwa kocho. Takriban watu milioni 20 nchini Ethiopia wanaitegemea, na uzuri wake mvua ikigoma mmea bado umesimama pale shambani, unakata unapouhitaji.

Sasa sisi tumetoa madodoso yetu, tunauliza eneo ekari ngapi, mavuno kiasi gani, mbolea gani. Mama kajibu mawili matatu, kisha akaweka mwanzi chini akatuuliza kupitia mkalimani: na nyie kwenu mgomba mnaufanyia nini? Kimya. Mimi nimekulia Tandika, ndizi naijua ikishuka kwenye lori pale Mabibo, nikajibu tunapika na nyama. Mama akatingisha kichwa, akachukua mwanzi wake akaendelea na kazi, na maongezi yakaishia hapo. Niliumia kwa kweli, maana nilihisi tumeingia nyumbani kwa mtu mikono mitupu.

Kesho yake kwa mzee mwingine ikawa tofauti kabisa, mwenzetu mmoja kwao Marangu akachukua kijiti akaanza kuchora kihamba chao, yaani shamba la nyumbani la Wachaga, kwenye vumbi, hapa mruka, ule mti wa kivuli, hapa migomba, kahawa chini ya migomba, magimbi pembeni ya mfongo, yaani mfereji wa maji, ng'ombe bandani anakatiwa majani na samadi inarudi shambani. Akamwambia mzee hata sisi kwetu shamba linarithiwa na linazunguka nyumba, na la kijiji kimoja cha huko Kilimanjaro, Shimbwe Juu, FAO, shirika la chakula na kilimo la Umoja wa Mataifa, walilitambua mwaka 2011 kama urithi wa kilimo duniani. Yule mzee akasimama! Akatushika mikono akatupeleka nyuma kabisa kutuonyesha aina zake za enseti moja moja kwa majina, hii ya mkate, hii ya kamba, hii ya dawa mtu akivunjika mfupa. Tulikaa mpaka giza. Hakuna dodoso lingetupatia yale.

Kwa hiyo hatua ya kwanza sio pasipoti, hatua ya kwanza ni shamba la kwenu. Miezi mitatu kabla, kila mmoja aende kijijini kwao au ampigie simu bibi, aulize wanalima nini, wanachanganya nini na nini, nani anamiliki mbegu, nani anakula kwanza, mvua zimebadilikaje. Ambaye kwao ni Dar kabisa na hana shamba asijisikie vibaya, kuna wakulima wa mchicha na matembele kwenye mabonde ya humu humu mjini, nenda asubuhi saa kumi na mbili wanapomwagilia, shika ndoo umsaidie, ndio uulize. Wengine pandeni SGR mpaka Morogoro mkaone SUA, chuo kikuu cha kilimo, au kituo cha mafunzo cha Sustainable Agriculture Tanzania wanaofundisha kilimo hai, unaenda na kurudi siku hiyo hiyo. Kisha kila mtu aandike ukurasa mmoja tu, "shamba la kwetu", na awe anaweza kuuchora kwenye udongo bila kuangalia karatasi. Mkiruka hatua hii mimi naona bora ile hela mkalipie ada.

Haya, makaratasi. Pasipoti fomu unajaza mtandaoni kwenye mfumo wa Uhamiaji, uwe na namba ya NIDA, cheti chako cha kuzaliwa na uthibitisho wa uraia wa mzazi, ada 150,000. Hapo kwenye cha mzazi ndipo watu wanakwama, maana mzazi wengi cheti hana na inabidi kiapo, kwa hiyo anza mapema, wenzetu wawili walibaki kwa sababu hiyo tu na walikuwa wameshachanga hela. Chanjo ya homa ya manjano uchomwe angalau siku 10 kabla ya safari, na kadi ile ya njano usiitupe, toka 2016 inatambulika kwa maisha yako yote. Viza ya Ethiopia kuna mfumo wa mtandaoni, ila kabla ya kulipa chochote ongeeni na ubalozi, na pia ulizieni hali ya usalama ya barabara mtakayopita, sio ya nchi tu kwa ujumla. Ethiopia ilipita kwenye vita kubwa kaskazini 2020 mpaka 2022 na sehemu nyingine bado hazijatulia, kwa hiyo safari ipangwe na chuo cha huko kinachojua njia. Kwa Gedeo kuna Chuo Kikuu cha Dilla, kipo pale pale. Barua ya mwaliko itoke kwa wenyeji, na mkifika kijijini lazima mpite ofisi ya kebele, ndio kama serikali ya mtaa kwetu, msiingie shamba la mtu kabla hamjasalimia pale.

Barua ya utambulisho ya huku kwetu fuatilieni kwa miguu. Ya kwetu ilikaa kwenye meza ya ofisi moja wiki tano, kila tukiuliza tunaambiwa ipo kwa bosi, ikatoka siku mbili kabla ya ndege. Chagueni mtu mmoja mpole lakini king'ang'anizi, kazi yake iwe hiyo tu.

Hela: msisubiri bumu, ile hela ya mkopo wa chuo. Bumu likichelewa wiki mbili safari imekufa. Tulifungua michango kama ya harusi, kila mwezi kiasi kidogo, mweka hazina wawili ili mmoja asibebe lawama, na orodha inawekwa kwenye grupu kila Jumapili nani kalipa nani bado. Ndege ndio inakula sehemu kubwa, halafu usafiri wa ndani, maana Addis mpaka Dilla ni kama kilomita 360 na gari mtakodi ya kwenu. Mkalimani mlipeni vizuri na mumtafute mapema, anayejua Kigedeo, sio Kiamhari peke yake. Tengeni pia fungu la kuwapa wakulima kwa muda wao, msilifiche kwenye "mengineyo", ni haki yao. Shilingi yetu usitegemee kuibadilisha kule, beba dola. Na hili la risiti mniskilize vizuri, kalenda yao ina miezi 13 na ipo nyuma ya yetu miaka saba au minane, risiti nyingi za mkono zitakuwa na mwaka wa ajabu, sasa ukirudi Dar mhasibu anazikataa. Andika tarehe yetu pembeni siku hiyo hiyo na umuombe muuzaji asaini.

Ila kwenye saa hapo tuko nyumbani. Wahabeshi wanahesabu saa kama sisi, wanaanza kuhesabu jua likitoka, sio usiku wa manane. Tatizo ratiba za chuo na tiketi za ndege zinaandikwa kizungu, kwa hiyo mkipangiwa gari muulize kabisa, saa ya kwenu au ya ndege?

Mavazi, jamani, Addis ipo kama mita 2,350 juu ya usawa wa bahari na mtu wa Dar ukishuka pale usiku unatetemeka, beba sweta mbili na soksi. Viatu buti za mpira. Dada zangu, sketi ndefu au dera ni afadhali kuliko suruali za kubana ukiwa vijijini, sio sheria, ni heshima tu na kina mama wanakuwa huru na wewe. Zawadi msinunue vitu vya ovyo uwanjani, nendeni Mtaa wa Uhuru Kariakoo mchukue khanga. Mimi nilimpelekea yule mama wa mwanzi khanga ya "wema hauozi" siku ya mwisho, nikamtafsiria jina lake kupitia mkalimani, akacheka sana akasema na wao wanao usemi unaokaribia huo, akauimba. Ndio tukaongea tena.

Chakula mtakula pamoja sahani moja, mkono wa kulia, na mtu akikukatia tonge akakulisha mdomoni usirudi nyuma, ni upendo, wanaita gursha. Wenzangu Waislamu, nyama ulizieni kwanza, lakini Jumatano na Ijumaa Waorthodoksi wanafunga hawali nyama wala maziwa, kwa hiyo hoteli nyingi zinakuwa na chakula cha mfungo, dengu, shiro (mchuzi mzito wa unga wa dengu), kabichi, na injera, mkate wao mpana kama chapati, chini yake, hapo kila mtu anakula kwa amani. Kahawa wao wanaita buna, na sisi si tunasema buni? Wanakaanga mbele yako, wanatwanga, wanachemsha kwenye jebena, birika lao la udongo, na unakunywa vikombe vitatu, cha tatu kinaitwa bereka, ndio baraka yetu hii hii. Usinyanyuke baada ya kikombe cha kwanza eti ratiba. Ratiba ya siku ipangwe kwa familia mbili tu, asubuhi moja na jioni moja, sisi tuliweka tano siku ya kwanza na hatukusikia kitu cha maana kwa yeyote.

Maswali: fanya kazi kwanza. Sisi tulichuma kahawa na familia moja asubuhi nzima, zile nyekundu tu unaacha za kijani, na mikononi ndipo unapoelewa kwa nini kuchuma kwa kuchagua kunachukua watu wengi hivyo. Maswali ya hela yaje mwisho kabisa au yasije. Picha omba, na kama mtu kasema hapana usijaribu tena kwa pembeni.

Sasa buti. Huu mnyauko wa migomba ulioitesa Kagera kuanzia 2006, bakteria wake walielezwa kisayansi mara ya kwanza kwenye enseti, Ethiopia, mwaka 1968. Mwaka 2001 ukaonekana Uganda, halafu ukafika kwetu. Unasambaa sana kwa panga na visu vilivyokata mmea mgonjwa, na magonjwa mengine ya migomba yanasafiri kwenye udongo uliogandia viatu. Kwa hiyo kabla ya kutoka kila shamba osha buti kwa brashi mpaka kwenye mifereji ya soli, kisha maji yenye Jik, na kisu usibebe kutoka shamba moja kwenda lingine. Mbegu, mche, udongo, hata kipande cha enseti cha kuonyesha darasani, usiweke kwenye begi bila kibali na cheti cha afya ya mimea, huku kwetu wanaosimamia ni TPHPA, Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu. Nilimnyang'anya mwenzangu mche mmoja usiku wa mwisho, akanuna mpaka Dar. Bibi yake yuko Muleba, Kagera huko huko.

Mkisharudi, ripoti ya Kiingereza ya chuo andikeni, lakini fanyeni na ya Kiswahili kurasa nne tano, muipeleke kwa wale wale wa mchicha na kule vijijini mlikoulizia mwanzo, maana watawauliza mmeona nini. Na picha za wenyeji zisafisheni kwenye karatasi, muandike majina nyuma, mzitume kupitia chuo cha kule. Za kwetu zilichukua miezi miwili kufika, ila mkalimani alinitumia ya yule mama amejifunga khanga, ameshika picha yake mwenyewe akiwa na mwanzi.